Matanga ya Bwana Shauri Kiboko

Leo sifungui kwa paukwa. Leo nikisema "Bonde!" ninyi mseme "Letu!" Haya. Bonde!

"Letu!"

Wewe uliyekalia kigoda hukuitika. Bonde!

"Letu!"

Basi ngojeni niwaambie habari za aliyedai kuwa ni lake.

Alikuwapo Kiboko, akijiita Bwana Shauri. Alivaa kofia ya kibuyu, akaizungushia chemchemi ya bonde boma la miiba, akaweka mlango. Mnyama akitaka maji, kwanza alete mzigo wa majani mabichi. Majani anayala nani? Kiboko. Nyafu, nyafu, nyafu. Ukija mikono mitupu, mlango pwaa! Nenda kwenu.

Mara ikavuma habari kwamba Kiboko anahama. Ng'ambo ya kilima aliishi Nyati, mwenye kinamasi kipana. Wakubwa hao wawili walikuwa wamekaa wakapatana: Kiboko achukue kinamasi, Nyati achukue bonde pamoja na chemchemi, mlango na wanyama wote waliomo. Nyati akaweka sharti moja: "Nitapokea nchi iliyotulia. Nikikuta ghasia narudi kwangu, na kinamasi hupati."

Wanyama kusikia hivyo, wakawaka. "Hatukuulizwa! Hatukuulizwa!" Ngiri anapiga kwato chini, ti! ti! ti! Kanga wanapayuka juu ya boma. Kiboko anatoka: "Nyamazeni!" Hawanyamazi. Anatoka tena: "Nyamazeni, nasema!" Ndiyo kwanza wanaongeza.

Akamwita Bi Perere. Perere mnamjua: kanyama kadogo, hata mkia hakana, lakini sauti yake, mama yangu! Kelele zote za bondeni, mwanzilishi alikuwa yeye. Alikuwa na watoto watatu, na midomo yao ilikuwa imekauka, kwa sababu majani ya karibu na kwake yote yalikwishaingia tumboni mwa Bwana Shauri. Ningekuwa mimi ningemng'ata. Yeye akapiga goti.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Nyati anakuja kesho. Wanyamazishe wenzako."

"Hawanyamaziki, Bwana Mkubwa. Lakini tukisema hiki ni kilio cha msiba, Nyati ataiitaje ghasia?"

"Amekufa nani?"

"Hapo ndipo pagumu. Tukisema kafa Digidigi, Nyati atashangaa. Bonde zima limlilie Digidigi? Kilio hiki kinataka maiti mwenye hadhi."

Kiboko akafikiri. Akavimba. "Mwenye hadhi hapa ni mimi."

"Ala! Kumbe!"

"Na kukabidhi nchi je?"

"Nyati akishasema 'naipokea,' wewe fumbua macho tu. Ila mlango, Bwana Mkubwa. Msibani mlango haufungwi. Akiukuta umefungwa atajua hapa hapana matanga."

Kiboko akaguna, akaufungua. Akalala chali jamvini, tumbo juu, Bi Perere akamfunika majani ya mgomba. Wanyama wakawa wanapita mmoja mmoja kunywa maji, gu, gu, gu, kisha wanarudi kulia. Watoto wa Bi Perere walikunywa wa kwanza, na mama yao akalia kweli kidogo.

Kesho yake, tindi, tindi, tindi, Nyati huyo!

"Ghasia gani hizi?"

"Uuuwi! Ameondoka! Hatukuulizwa!"

"Taratibu, Bwana," akasema Bi Perere. "Tumefiwa na Bwana Shauri."

Nyati akaketi jamvini. Msibani hata mkubwa hukaa chini. Akautazama mlango wa chemchemi, akaupenda. "Naona nchi imetulia," akasema. Chini ya majani jicho moja likaanza kufumbuka.

Bi Perere akawahi. "Imetulia sana. Hata ugonjwa ulimchukua polepole."

"Ugonjwa gani?"

"Wa mlango ule. Anayeushika huanza kuvimba. Anavimba, anavimba, anavimba. Hebu tazama tumbo lile."

Nyati akalitazama. Akajivuta nyuma. "Na sasa wa kuushika ni nani?"

"Ni wewe, Bwana. Pole sana."

"Mwongo huyo!" Majani yakaruka, Kiboko akasimama. "Mimi mzima! Nipe kinamasi changu!"

Nani angengoja? Nyati alitoka mkuku, Kiboko nyuma yake: "Ningoje! Ningoje!" Kila akiambiwa angoje, ndivyo anavyozidi mbio. Tindi, tindi, tindi, wakapotea kilimani wote wawili.

Kule bondeni Ngiri akauliza, "Bi Perere, sasa tuanue matanga?"

"Thubutu! Tukiyaanua, atakuja mwingine aseme mlango sasa unafungika."

Hayajaanuliwa mpaka leo. Ukimsikia Perere analia mitini usiku, uuuwi, uuuwi, usimwonee huruma. Amekunywa akashiba.

Funzo, watoto wazuri: watiini wakubwa, msipige kelele, na bwana wenu akiondoka mlilieni kwa moyo wote. Mimi nimemaliza, na mlango nauacha wazi. Bonde!

"Letu!"