Kiangazi Alichokificha Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii haina mahali pa kusinzia.

Hapo zamani za kale, kule kaskazini, kulikuwa na nyanda kavu, nyanda pana, jicho huchoka kabla hazijaisha. Katikati palikuwa na bwawa moja. Wanyama wote walikunywa hapo. Na kila mwaka, kabla ya kiangazi, walikusanyika bwawani wakamuuliza Hondohondo, "Mbingu zinasemaje?"

Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, ndiye aliyekuwa mtazamaji wao. Hupaa juu, juu, juu kabisa. Hunusa upepo, hutazama mawingu, kisha hushuka kusema. Akisema kiangazi ni chepesi, wanabaki. Akisema ni kikali, wanahamia mlimani mapema, madimbwi ya njiani yakiwa bado na maji.

Lakini wanyama wale walikuwa na mila yao, mila mbaya. Aliyeleta habari mbaya hakunywa tena bwawani. Walisema ameleta nuksi kwa mdomo wake. Kabla ya Hondohondo mtazamaji alikuwa Korongo. Korongo alitabiri kiangazi kikali mara moja tu. Mzee Choroa, swala mkubwa, mkuu wa bwawa, akamfukuza kwa pembe zake ndefu, akafa kwa kiu. Mifupa ya Korongo ilikuwa bado iko pale kwenye magadi, ile ardhi ya chumvi kando ya bwawa, myeupe, mikavu. Hondohondo aliipita kila alipokwenda kunywa.

Mwaka mmoja Hondohondo akapaa. Akapaa, akapaa. Akatazama mashariki: tupu. Akatazama magharibi: tupu. Upepo ukavuma vuuu, hauna harufu ya tone hata moja. Kiangazi kama kile hakuwa amepata kukiona.

Akashuka. Wanyama wakamzunguka.

"Haya, Hondohondo," akasema Mzee Choroa. "Mbingu zinasemaje?"

Akatazama zile pembe. Akatazama ile mifupa.

"Kiangazi ni chepesi, mzee wangu. Kaeni tu."

Wee! Wakashangilia. Punda Milia akarusha mateke, pa! pa! "Mdomo wako una baraka!" Wakampisha anywe. Akanywa. Maji yalishuka, hofu ikabaki palepale.

Sasa sikilizeni uongo unavyodai chakula. Mnajua desturi ya hondohondo? Mke huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula. Humo hutaga, humo hupukutisha manyoya ya mabawa, humo huangua. Lakini huingia mwaka mwema tu. Mwaka mbaya haingii.

Bi Hondo, mkewe, naye alikuwa amesikia habari njema.

"Mume wangu, niingie?"

Hondohondo alitaka kusema, usiingie. Lakini akawaza: Asipomziba, wanyama watauliza: kama kiangazi ni chepesi, mbona mkeo yuko nje?

"Ingia, mke wangu."

Akachota udongo. Akaziba. Pachu! Pachu!

"Mbona mdomo wako unatetemeka?" Bi Hondo akauliza kutoka ndani.

"Uchovu tu."

Kiangazi kikaja. Jua likawaka. Bwawa likapungua. Likapungua. Likapungua. Nyasi zikawa vumbi. Ndani ya tundu vifaranga wawili wakaanguliwa, twi, twi, twi!

"Baba watoto, ulikuwa ukileta matunda. Leo panzi mmoja mkavu. Kuna nini huko nje?"

"Hakuna kitu. Mvua iko njiani."

Ndama wa Punda Milia akaanguka, bu! Hakuinuka. Mama yake akamsukuma kwa pua mpaka jua likazama.

Hapo Hondohondo akashindwa kuvumilia. Akatua kwenye tope lililobaki, mbele ya Mzee Choroa.

"Niliona, mzee wangu. Tangu mwanzo niliona mbingu tupu. Nikaogopa."

"Ukaogopa nini hata utuue?" Mzee Choroa akafoka, pembe zimeelekea kifuani mwa Hondohondo.

"Ningesema kweli, ningekunywa wapi?"

Mzee Choroa akageuza macho magadini, kwenye mifupa ya Korongo. Pembe zikainuka polepole. Wanyama wakaanza safari ya mlimani, na madimbwi ya njiani yalikuwa yamekauka kitambo.

Hondohondo akaruka mbio kwa mkewe. Udongo ulikuwa umekauka ukawa jiwe. Akagonga, ko! ko! ko! Akagonga mpaka mdomo ukatoka damu. Ukuta ukaanguka. Bi Hondo akatoka, mabawa hayana manyoya, na vifaranga uchi kabisa. Hakuna kati yao aliyeweza kuruka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukaniziba?"

Hondohondo akamwinua kifaranga mmoja kwa mdomo.

Wakaenda kwa miguu, kila mmoja na kifaranga mdomoni. Jua kali. Ardhi inaunguza. Kifaranga wa mama alilia njia nzima, twi, twi. Wa baba akanyamaza kabla ya jioni.

Mlimani walifika wachache. Palikuwa na chemchemi. Mzee Choroa, mbavu nje, akasimama akasema, "Mila yetu imetuua kuliko jua. Tuizike. Kuanzia leo, mwenye habari mbaya ndiye anywe kwanza. Hondohondo, njoo."

Akaja. Maji baridi, maji safi. Bi Hondo alikuwa kando, amemfunika kifaranga aliyebaki, amempa mumewe mgongo. Hondohondo akajaza maji mdomoni. Maji yakakataa kupita.

Basi, wenzangu, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mkimwadhibu anayewaambia kweli, mnajifugia waongo. Na wewe uliyeiona hatari, iseme, hata sauti ikitetemeka, maana uongo wa woga huanza kuua nyumbani kwako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nendeni mkalale, mtakaoweza.