Kijiwe Kilichofungwa Kamba

Ilikuwa siku ya Alhamisi, tarehe nne ya Mfunguo Tano, adhana ya alasiri ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, pale Mwana Somoe alipokata roho mjini Lamu. Wazee wametusimulia kwamba mumewe, Shekue bin Lali, mja mwema aliyekuwa mshona kofia, tangu saa ile aliiona nyumba yake kuwa pana mno. Alikuwa akipika chakula cha watu wawili, kisha akakaa akikitazama.

Binamu yake Famau, mfanyabiashara wa kanga, akamwambia, "Twende Japani, zinakochapwa kanga, nikachague mitindo. Ukibaki hapa utazikwa ungali unatembea." Wakasafiri.

Huko walipanga chumba kwa mjane mmoja, Bibi Iwase, ambaye ndiye aliyewapeleka kwa mwenye kiwanda cha kanga. Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ndogo, iliyozungushiwa ukuta. Haikuwa na maua. Palikuwa na mawe ya kukanyagia, taa ya jiwe, msonobari mmoja, na kwenye kona majani mafupi mno, laini mfano wa mahameli.

"Bustani gani hii, haina hata mchicha!" alicheka Famau.

Lakini Shekue alipapenda. Kila siku alikaa barazani akipatazama, peke yake, kwa kuwa hakujua lugha ya watu wale.

Siku yao ya kuondoka, wakati wa alasiri, alishuka bustanini kutafuta mahali pa kuswali. Juu ya jiwe la njiani akakuta kijiwe kilichofungwa kamba nyeusi, ikikatana katikati. Akasema, "Audhubillahi! Hirizi hii." Akaifungua kamba, akakiweka kijiwe kando, akapita, akaswali juu ya yale majani laini. Sijida yake ya mwisho ilikuwa ndefu, kwani alimwombea Mwana Somoe huku akilia. Alipoinuka, majani yalikuwa yamebanduka penye magoti na miguu yake. Akadhani ni nyasi tu, akaenda zake.

Haukupita muda, zikasikika sauti za ukali. Famau, aliyeijua lugha yao kwa safari zake za biashara, akategea sikio.

"Bibi anamfukuza mtumishi wake, Tome. Marehemu mumewe ndiye aliyeyapanda yale majani, na hakuna anayeyakanyaga. Kile kijiwe ni alama ya kusema usipite. Tome ndiye mwenye zamu ya bustani, basi lawama imemwangukia yeye."

Shekue akasimama. "Ni mimi, binamu."

"Nyamaza! Meli haitungoji. Na Bibi akikasirika, nani atatupeleka tena kwa mwenye kiwanda?"

"Nimeswali pale. Swala yangu nitaiacha imkoseshe mwanamke wa watu riziki yake?"

Famau akaguna, lakini akafuatana naye kuwa mkalimani. Tome alikuwa keshafunga furushi lake la nguo. Shekue akakiri, bila kujitetea, kwamba yeye ndiye aliyekifungua kijiwe na kuyakanyaga majani. Bibi Iwase akauliza, "Ulikuwa ukifanya nini, hata ukaacha alama za magoti?"

"Nikimsujudia Mola wangu. Nikimwombea mke wangu. Amefariki."

Yule mama akayatazama majani yaliyong'oka. "Mimi sijafika kona ile tangu mume wangu afe," alisema. "Naogopa kuiharibu kazi ya mikono yake." Hakusema kwamba amesamehe. Alimwambia Tome afungue furushi lake, alete maji. Kisha akavua viatu, akapita, akapiga magoti, akamwonyesha Shekue namna ya kuyarudisha majani udongoni na kuyakandamiza kwa kiganja, polepole. Wakafanya kazi hiyo hata giza likaingia. Famau aliondoka na meli peke yake, akinung'unika.

Shekue alibaki akingoja meli nyingine, akiyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Mengine yalishika. Mengine yalikauka.

Ndugu zangu, upweke wa mfiwa haukuondoka kwa ukweli ule. Shekue alirudi Lamu, na nyumba ilikuwa tupu vilevile. Lakini hakurudi na dhuluma juu ya dua aliyomwombea mkewe. Nasi tuliofiwa tujichunge, huzuni yetu isimwangukie asiyehusika.

Ewe Mola Mrehemevu, mrehemu Mwana Somoe na mumewe, na uwarehemu wetu waliotutangulia. Yapanue makaburi yao, yatie nuru, na utukutanishe nao katika radhi zako. Amin.