Jibu Lililokuwa Sautini

Methali ya "mficha uchi hazai" walimu wengi huipitia mbio mbio darasani, wanafunzi wasije wakaangua kicheko. Hakuna cha kuchekesha ndani yake. Wahenga walitaka kusema kwamba anayeuficha udhaifu wake kwa kuona haya hapati wa kumsaidia, na asiyesaidiwa haoni faida ya jasho lake. Anayebisha na asikilize habari za Mwalimu Kinanda, aliyemwonea wivu wifi yake kwa sababu ya ajabu kabisa: wifi yake alikuwa akisifiwa kwa makosa ya wanafunzi wake.

Jina la Kinanda alipewa na walimu wenzake kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa akifundisha katika kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, vyumba viwili vilivyokuwa mwisho wa jengo la shule, jirani na stoo ya madawati mabovu. Wengi wa watoto hao walishindwa kusoma wenyewe, hivyo kwenye mtihani mwalimu aliruhusiwa kuwasomea swali na majibu yake matatu, nao wakatia duara kwenye A, B au C. Hapo Kinanda hakuwa na mpinzani. Aliyasoma maswali kwa madaha, sauti ikipanda na kushuka, na watoto wakimtazama mdomo bila kupepesa. Matokeo yakitoka, wastani wa darasa lake haukushuka chini ya themanini. Miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyemfikia.

Kisha kaka yake, fundi seremala, akaoa mwalimu. Mwalimu huyo akapangiwa chumba cha pili cha kitengo hichohicho, ukuta kwa ukuta na wifi yake.

Mara ya kwanza bibi harusi huyo alipotoa mtihani, darasa lake lilipata wastani wa thelathini na nane. Kinanda alimpa pole mbele za watu, na moyoni akala sikukuu. Lakini wifi hakuonekana kuhitaji pole. Alizitandaza karatasi sakafuni, akapiga magoti, akaanza kuzipanga mafungu mafungu. Hakuzipanga kwa alama. Alizipanga kwa makosa. Waliokosea namna moja aliwaweka pamoja, hata kama mmoja alikuwa na alama hamsini na mwingine kumi. Baadaye mumewe alimtengenezea ubao wenye safu za misumari, na kila fungu likapata msumari wake. Kila asubuhi aliwaita watoto wa msumari mmoja, akawafundisha jambo moja tu, lile walilokosea. Walioacha kulikosea karatasi zao zilishushwa.

Mwalimu mkuu alipouona ubao ule alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma. Siku iliyofuata alileta walimu wengine wauone. Wiki iliyofuata alileta wageni. Wote walipita mbele ya mlango wa Kinanda bila kuchungulia ndani.

Kijiba cha roho kikaanza kumla. Lau angeshindwa na mtu mwenye alama kubwa kuliko zake, angejikaza kisabuni. Lakini kushindwa na thelathini na nane! Alilala nayo, akaamka nayo. Hata nyumbani kwa kaka yake, alikokwenda kula kila Jumapili, hakuwa na amani tena.

"Dada," kaka yake alimwambia Jumapili moja, akijikung'uta vumbi la mbao kichwani, "umeuona ubao niliomtengenezea mwenzako? Mwalimu mkuu kaniagiza mwingine."

"Nimeuona. Kumbe siku hizi makosa yanatundikwa ukutani kama picha za harusi."

Kaka mtu akacheka. Wifi naye akacheka, tena kwa moyo mweupe, akamwongezea chakula. Kinanda alitamani wifi angenuna. Zamani, katika nyumba hiyo, akisemwa mwalimu alikuwa akisemwa yeye. Sasa hata kijembe chake kilipokelewa kama utani wa mawifi.

Mambo yaliiva pale mwalimu mkuu alipotangaza kwamba mwisho wa muhula atateua mkuu wa kitengo, na kwamba mwanafunzi yeyote atakayefanya vizuri katika hesabu atahamishiwa darasa la kawaida, ambako mwalimu mmoja alikuwa na watoto sitini na hana nafasi ya kumrudia mtu nyuma. Kinanda alikuwa na mwanafunzi wa kuhamishwa tayari. Huyo ni Chiriku, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Alikuwa hajawahi kupata chini ya tisini. Mama yake alikuwa msusi, na hapakuwa na kichwa alichokisuka bila kukisimulia habari za mwanawe.

Kinanda akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akasimama katika kikao cha walimu. "Mwalimu mkuu, ili haki ionekane, naomba siku ya mtihani tubadilishane. Mimi nilisomee darasa la wifi, yeye alisomee langu. Asije mtu akasema kila mvuvi husifia samaki wake."

"Wewe unasemaje?" mwalimu mkuu akamuuliza wifi.

"Sina neno. Ila wifi, sauti yangu kavu. Watoto wako wasije wakasinzia."

Walimu wakacheka. Kinanda pia alicheka, ingawa neno hilo lilimchoma mahali asipopenda paguswe. Ukweli ni kwamba alikuwa akijua. Alijua kama mtu anavyojua soksi yake imetoboka: maadamu kiatu kiko mguuni, hakuna taabu. Alijua kwamba akilifikia jibu sahihi, sauti yake hushuka kidogo na kulilea. Mwanzoni ilimtoka yenyewe kwa huruma. Baadaye aliiona inavyozaa alama, akaiacha iendelee. Alichokuwa hajui ni ukubwa wa tundu lenyewe.

Siku ya mtihani aliingia darasa la wifi yake na nia mbaya, tusimfichie. Ubao wa misumari ulikuwa umefunikwa kwa shuka. Akaanza kusoma. Alipolifikia swali la arobaini na mbili kutoa kumi na saba, alilipitia jibu la ishirini na tano haraka haraka, kisha akaishusha sauti taratibu juu ya lisilo sahihi. "C... thelathini na tano."

Penseli zilikaa kimya. Msichana mmoja mwenye miwani minene akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Rudia, lakini bila kuimba. Nahesabu."

Uso wa Kinanda ukawaka moto. Akarudia bila kuimba. Watoto wale waliinamia vidole vyao, wakachora vijiti pembeni mwa karatasi, wakatia duara. Hakuna hata mmoja aliyemtazama mdomo. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alisoma mtihani mzima bila mtu kumhitaji, na wivu alioingia nao ukageuka kitu kizito zaidi, ambacho hakukipatia jina.

Alipotoka alimkuta Chiriku amekaa kwenye ngazi ya mlango wa darasa lao, kimya. Chiriku, kimya! Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kulikoni, mwanangu? Umemaliza?"

"Mwalimu yule hakusema jibu," mtoto akajibu kwa kwikwi. "Nimesikiliza sana. Nimesikiliza mpaka mwisho. Jibu halikusikika."

Kinanda akakaa naye palepale kwenye ngazi.

Alasiri waliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa amezipanga karatasi mafungu mawili mezani. Darasa la wifi lilipata wastani wa hamsini na tisa. Darasa la Kinanda, ishirini na saba. Chiriku alikuwa na kumi na tano.

"Sielewi," mwalimu mkuu alisema, akimtazama Kinanda kwa upole. "Labda walimwogopa mgeni. Labda mtoto alikuwa mgonjwa. Mama yake yuko hapo nje, anataka kujua kama anahama. Ukiniambia tuyaache haya na tutumie alama zake za zamani, nitakubali. Wewe ndiwe unayemjua."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi hivyo. Kinanda alimtazama wifi yake, akamchukia kwa magoti yake yaliyokuwa bado na vumbi la sakafu, akamchukia kwa sababu hakuwa na la kuficha. Angesema ndiyo, angeondoka na heshima yake nzima, na Chiriku angekwenda kukaa nyuma ya watoto sitini akisubiri sauti ambayo haingekuja.

"Mtoto hakuwa mgonjwa," akasema hatimaye. "Alama za zamani si zake. Ni za sauti yangu. Nikifika kwenye jibu, naimba. Nilijua, nikanyamaza. Na leo..." Akamgeukia wifi yake. "Leo, wifi, nimewaimbia watoto wako jibu la uongo ili waanguke. Wakakataa kuanguka."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ukuu wa kitengo uliondoka hapohapo, hilo halikuhitaji kusemwa. Wifi aliinama mezani, na Kinanda akajikaza kupokea matusi. Lakini wifi alikuwa ameivuta karatasi ya Chiriku.

"Hebu angalia hapa," akasema. "Maswali yote ya kutoa, amekosea namna moja. Mtu anayeotea hakosei kwa mpangilio hivi. Mwite."

Chiriku akaingia, mama yake nyuma yake. Wifi akamwonyesha arobaini na mbili kutoa kumi na saba. "Nieleze ulivyofanya."

"Mbili kutoa saba haiwezekani," Chiriku akaeleza, sauti ikimrudia kidogo kidogo. "Mbili ni mdogo. Mdogo hawezi kumtoa mkubwa, si adabu. Nikageuza, saba kutoa mbili, tano. Halafu nne kutoa moja, tatu. Thelathini na tano."

Kinanda alimtazama mtoto aliyemfundisha miaka mitatu. Hakuwa amewahi kumsikia akieleza hesabu, kwa kuwa mtoto hakuwa amewahi kukosea mbele yake. Machozi yakamtoka mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya msusi, mbele ya wifi yake. Mama Chiriku alipoelewa kwamba mwanawe hahami, alifoka vya kutosha, na Kinanda alimwacha afoke. Alikuwa na haki.

Wifi akawa mkuu wa kitengo. Kaka mtu akatengeneza ubao wa tatu, safari hii wa dada yake, na msumari wa kwanza ukabeba karatasi ya Chiriku na za wenzake wanne waliokuwa na adabu ileile. Jioni Kinanda alipiga magoti sakafuni karibu na wifi yake, wakapanga mafungu.

"Wifi," akasema bila kuinua uso, "bado nakuonea wivu."

"Najua, wifi. Nipe hilo fungu la kuzidisha."

Muhula uliofuata walibadilishana tena. Wifi alisoma kwa sauti yake kavu, na Chiriku akatoka na arobaini na nne. Alikimbia uwanja mzima, karatasi mkononi, mpaka kwa Mwalimu Kinanda.

"Mwalimu! Hakuna aliyeniambia!"

Ilikuwa chini ya nusu ya alama za zamani. Kinanda aliitundika ukutani mahali ambapo kila mgeni angeiona, naye akasimama kando yake akiwa na fahari ambayo themanini zake zote hazikuwahi kumpa. Hakika, mficha uchi hazai.