Bi Mtetea na Ajenda ya Saba

Paukwa!
Pakawa!
Kuku yupo?
Yupo!
Na yai lake?
Lipo, ila usiliguse!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiitana kwa vyeo, aliishi kuku mmoja, Bi Mtetea. Alitaga yai la kwanza, laini, halina ganda. Akalilalia. Pwachu! Akataga la pili. Pwachu! Akataga la tatu, akalilalia pole pole, pumzi kaibana, mabawa kayainua. Pwachu! Bi Mtetea akalia kwa uchungu. Alitaka kifaranga mmoja tu wa kumwita mama.

Habari zikawafikia wataalamu. Wakamwita Bi Mtetea, wakaitisha kongamano: "Viumbe Hai Hutengenezaje Kitu Kigumu Kama Jiwe?" Mwenyekiti alikuwa Profesa Nungunungu; viti vya kulia na kushoto kwake vilikaa vitupu, na sababu mnaijua. Katibu alikuwa Kenge. Mezani yakapangwa makombe matupu ya konokono, yawe vielelezo. Mwisho kabisa wa meza alikaa Konokono mwenyewe, nyumba mgongoni.

Ajenda ya kwanza, utambulisho. Konokono akainua pembe.

"Mwenyekiti, mimi najua..."

"Subiri ajenda ya saba!"

Ajenda ya pili, salamu za mgeni rasmi. Mgeni hakuja, salamu zake zikasomwa mara mbili. Konokono akainua pembe.

"Mwenyekiti, mimi najua..."

"Subiri ajenda ya saba!"

Ajenda ya tatu, chai. Konokono akainua pembe, akakuta ukumbi mtupu. Wote wamekimbilia maandazi! Kabaki Bi Mtetea tu, hana hamu ya kitu.

"Kaka Konokono, ulitaka kusema nini?"

"Nyumba yangu hii, dada, naila kwanza ndipo naijenga. Nalamba chokaa ukutani, inapita tumboni, inatokea mgongoni. Wewe unakula nini?"

"Pumba."

"Pumba tupu! Ganda litoke wapi? Kula makombe hayo."

"Si vielelezo hivyo?"

"Ni nyumba za marehemu shangazi zangu. Kula, nimeruhusu."

Ko! Ko! Ko! Meza ikawa tupu.

Wataalamu wakarudi, makombo midomoni. "Vielelezo viko wapi?" Kenge akaandika: "Vielelezo vimetoroka."

Kesho yake Bi Mtetea akataga mbele yao. Kong! Yai likabingirika likamgonga Kenge. Kichwa kikavimba, yai likabaki zima.

"Ajabu!" akasema Profesa. "Limekuwaje gumu?"

"Muulizeni Konokono."

"Ajenda ya saba!"

Bi Mtetea akalilalia palepale mezani. Wakajadili ya nne, wakajadili ya tano, wakagombana ya sita. Siku ya ishirini na moja wakafika ya saba. Konokono akafungua mdomo, na papo hapo, ta! Ganda likapasuka, kifaranga akachungulia.

"Mama!"

Bi Mtetea akalia tena, safari hii kwa furaha.

"Utulivu ukumbini!" akafoka Profesa. "Tukabidhi hilo ganda. Ndicho kielelezo pekee tulichobaki nacho."

Bi Mtetea akapangusa mdomo kwenye kitambaa cha meza.

"Nimeshalila, Mwenyekiti. Hilo sasa ni ganda la mdogo wake huyu."

Hadithi yangu nimeimwaga hapa, mwenye njaa aidonoe. Mkikaa kujadili jambo, muulizeni kwanza anayelifanya. Nami nilikuwepo kwenye kongamano lile. Mpaka leo naingojea chai ya pili.