Haja ya Mbarawa Mrina Asali

Katika mji wa Tawalani alitawala Sultani Badawi bin Nasibu, na alinadi kwamba atakayemletea asali bora mwisho wa mavuno atamwoza binti yake, Siti Raya.

Basi walikuwako ndugu wawili wa baba mmoja, Mbarawa na mdogo wake Shekuwe, warina asali, na wote wawili walitundika mizinga ya magogo mwituni, wakaipaka nta ndani ili nyuki wa mwitu wavutiwe na kuhamia. Asali ya Mbarawa ilikuwa nzuri, lakini kinywani mwake haikuwa tamu, maana kila alipopita kwa Shekuwe alisikia nyuki wa nduguye wakivuma zaidi, na moyo ukamuungua kwa kijicho. Hasidi hana sababu.

Siku moja akichonga gogo, patasi yake iligonga pete ya shaba, na alipoisugua likatoka jini kubwa, likainama, likamwambia litamtimizia haja moja. Mwingine angemwomba Siti Raya papo hapo. Mbarawa hata hakumkumbuka.

“Nataka nyuki wote wa Shekuwe watiwe ndani ya mizinga yangu,” alisema, “asibakiwe na hata mmoja.”

“Bwana wangu,” likajibu jini, “mizinga yako ina wenyewe, na kila kundi lina malkia wake. Niamuru niwatie katika mizinga mitupu.”

“Nimesema ndani ya yangu. Nataka ivume kuliko yake.”

Jini likatii, na mizinga ikavuma kwa kishindo, na Mbarawa akacheka kwa furaha. Kumbe ilikuwa vita. Kufikia alasiri nyuki walilala chini ya miti wamekufa marundo kwa marundo, na siafu wakapanda kula asali.

Shekuwe alikuta mizinga yake haina nyuki, akalia sana, ila masega yalikuwa yamejaa, kwa kuwa jini liliagizwa nyuki tu. Akarina bila kuumwa, akapeleka kwa Sultani, akaozwa Siti Raya na kupewa mali tele, na harufu ya nta ikamletea makundi mapya.

Ndipo akamwendea nduguye na mzinga wenye nyuki begani, tundu lake limezibwa kwa majani.

“Kaka, nimesikia msiba wako. Wachukue hawa uanze upya.”

Mbarawa akaupokea, akaupimapima mikononi.

“Na ule mzito zaidi,” akauliza, “umembakizia nani?”

Basi jueni, enyi wasomaji, hasidi hata akipewa huona kapunjwa.