Mcheka Kabichi

"Mcheka kabichi hufunikwa na jani lake." Bibi alitujibu hivyo asubuhi, tulipomcheka kwa masweta yake mawili na vitenge juu. Tukamwuliza, "Bibi, hayo maneno yametoka wapi?" Akaendelea kumenya viazi. Akasema methali hii ni ya hukuhuku kwetu Makete, na ilianza hivi.

Kulikuwa na kijana anaitwa Enea, mtu wa Usangu, kule kwenye joto na mpunga. Alimwoa Yusta, binti wa Mama Sigolina wa huku juu. Wakapata mtoto wa kike. Alipofika miezi mitatu wakaamua kumpeleka akaonwe na mama yake Enea. Gari lilipatikana upande wa pili wa mlima tu, kwa hiyo ilibidi wavuke kwa miguu, na Mama Sigolina akawasindikiza.

Ulikuwa mwezi wa sita. Umande ulikuwa umeganda kwenye majani, mweupe kama chumvi. Mtoto akafungwa blanketi. Mama Sigolina akavaa sweta, sweta jingine, kitenge kiunoni, kingine mabegani, kingine kichwani.

Saa nne jua likawaka. Enea akamgusa mtoto shingoni, akakuta jasho.

"Huyu tunamchemsha," akasema.

Walipopita kwa mwenye mashine ya kusaga, akaacha pale koti lake, sweta la Yusta na blanketi la mtoto. Alisema atayapitia akirudi.

"Mkwe, si mjifunge tu kiunoni?" Mama Sigolina akasema. "Mlima huu una asubuhi tatu za baridi kwa siku moja."

"Mzigo huo, mama."

Halafu akamnong'oneza mkewe, "Mama yako kama kabichi. Ukimmenya mpaka kesho hujamfikia."

Yusta akacheka, akaziba mdomo. Mbele yao Mama Sigolina alikuwa anavua sweta la juu, analifunga kiunoni. Hakugeuka.

Saa nane walikuwa juu kabisa, kwenye nyasi tupu, hakuna nyumba wala mti. Ukungu ukashuka, upepo ukafuata, kisha mvua ya mawe isiyo ya msimu wake. Kitenge cha kumbebea mtoto kikalowa chote. Mtoto akalia sana. Halafu akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikowatisha. Yusta akamshusha, akaona midomo imebadilika rangi.

"Mama! Halii tena!"

Mama Sigolina akaanza kujimenya. Akamvua mtoto nguo zilizolowa, akamlaza kifuani kwa Yusta, ngozi kwa ngozi, akamfunika kwa sweta lake la ndani, lililokuwa bado kavu. Akaongeza lile jingine juu. Kisha akafungua kitenge cha kiunoni, akampa Enea.

Enea akarudi nyuma. Kijijini kwa kina Yusta mkwe hakugusa hata kamba iliyoanikwa nguo za mama mkwe wake.

"Siwezi, mama. Ni aibu."

"Aibu utaipeleka kwa mama yako badala ya mjukuu? Hilo la kabichi nimelisikia tangu kule kwenye mashine. Shika jani, mkwe. Wafunike wenzako, na wewe ingia humo humo."

Enea akashika. Wakainama wote chini ya kitenge kimoja, mawe yanawapiga migongoni. Wakasubiri. Baadaye kikatoka kilio kidogo, kama cha paka. Kisha mtoto akapaza sauti, anataka kunyonya. Yusta akacheka huku analia. Enea alilia tu.

Mama Sigolina hakuligusia tena neno lile, wala hakumsimulia mtu. Aliyesimulia ni Enea mwenyewe. Miaka mingi baadaye, vijana kilabuni walipomcheka yule mama akipita na vitenge vyake juani, aliweka kikombe chini.

"Mchekeni tu," akawaambia. "Hata mimi nilicheka. Mcheka kabichi hufunikwa na jani lake."

Bibi akamaliza viazi. Nje jua lilikuwa limeshatoka, zuri kabisa. Tukarudi ndani kuchukua masweta.