Pimbi Aliyeugeuzia Ukuta Kisogo

Hapo zamani za kale, wanangu, na msiniulize mwaka gani kwa sababu sikuwapo, wanyama wakubwa waliishi ndani ya pango. Ndiyo, pangoni! Tembo mzima na Nyati mzima, pamoja na koo zao zote. Walizaliwa humo, wakaoana humo, wakazeekea humo. Jua hawakulijua hata kwa jina.

Basi humo walifanya nini? Walikaa wakitazama ukuta! Nyuma yao uliwaka moto, na mlinzi wa moto alikuwa Fisi. Mbele yao, ukutani, kilikuwa kikitokea kivuli kikubwa chenye pembe mbili na tumbo la duara. Wakakiita Bwana Ukuta. Bwana Ukuta akitikisika, wote wanainama. Akinguruma, Nyati anatetemeka mpaka kwato zinagongana, ko ko ko ko!

Adabu ya pangoni ilikuwa moja: usiugeuzie ukuta kisogo. Hata chakula cha Bwana Ukuta, kikapu cha uyoga kwa kila nyumba, walikisukuma nyuma kwa miguu bila kutazama. Kikapu kilirudi kitupu. Nani kala? Bwana Ukuta, nani mwingine!

Humo pia aliishi Pimbi, mama mfupi asiyefika hata gotini kwa Nyati, na binti yake Kidawa. Siku moja ukuta ukanguruma: "Nguruuu! Uyoga nimeuchoka! Moto ukikokwa tena nataka nyama laini. Nataka mtoto wa Pimbi!"

"Haiwezekani!" Pimbi akapiga kelele. "Mzee Tembo, wewe ndiye mkubwa wetu. Sema neno!"

Tembo akashusha pumzi ndefu. "Mama Kidawa, mimi niseme nini? Bwana Ukuta ameshasema. Pole sana. Tutakusaidia kulia."

Kulia! Nyati akamchukua Kidawa, akamweka katikati ya miguu yake ya mbele ili asitoroke.

Pimbi akataka amwone huyo Bwana uso kwa uso, amwombe. Lakini mbele yake alikaa Nyati, na makalio ya Nyati, wanangu, ni ukuta mwingine! Akajinyoosha, wapi. Akaruka, wapi.

"Bwana Nyati, sogea kidogo nimwone anayetaka kumla mwanangu."

"Sisogei! Hapa alikaa babu yangu."

Hasira zikampanda Pimbi, akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Akageuka.

Lo! Kando ya moto alisimama Fisi, ameshika kibuyu kilichochomekwa kwenye fimbo, na juu ya kibuyu amebandika mizizi miwili. Hizo ndizo pembe! Akainamia mtungi mtupu, akanguruma, "Nguruuu!" huku mashavu yamejaa uyoga.

"Kumbe!" akanong'ona Pimbi.

Akanyata pembeni, akafuata upepo mwembamba uliompiga puani, akatokea nje. Waa! Mwanga ukamchoma macho hata yakamtoka machozi. Akayafumba. Akayafumbua kidogo, akaona kivuli chake chini, akaruka kwa hofu. Akaona maji. Akaona majani, mabichi, mengi! Mwisho akalitazama jua, akacheka na kulia kwa pamoja.

Lakini mwanawe alikuwa ndani. Akarudi mbio, na kwa kuwa macho yalijaa mwanga, gizani hakuona kitu. Pu! akajigonga kwenye mguu wa Tembo. Pwaa! akaangukia kikapu cha uyoga.

"Ndugu zangu, Bwana Ukuta ni kibuyu! Nje kuna majani, kuna maji, kuna..."

"Kwa kwa kwa!" Wakacheka mpaka pango likarudisha sauti.

"Ametoka anaona, amerudi kipofu," akasema Tembo. "Naye ndiye atufundishe kutazama?"

"Geukeni tu muone!"

"Tukose adabu?" Nyati akainua ukwato. "Neno moja tena, nakukanyaga!"

Pimbi akanyata tena nyuma, kuelekea motoni. Moyoni akasema: hawa wanasadiki cha ukutani tu. Haya, nitawaambia ukutani.

Moto ulipokokwa, Fisi akainua kibuyu chake. "Leteni mto..."

Hakumaliza. Chapu! Pimbi kaunyakua mtungi, karuka juu ya jiwe lililo karibu kabisa na moto. Na anayeukaribia moto, kivuli chake hukua. Yeye aliukaribia mpaka sharubu zikaungua, chwii! Ukutani, mama wee, kikatokea kivuli cha kutoka sakafuni mpaka darini! Bwana Ukuta akawa hamfiki hata magotini. Pimbi akakipiga kibuyu teke, na ukutani pembe ya Bwana Ukuta ikaruka, paa!

"MIMI NI BIBI UKUTA!" akapaza sauti mtungini. "AMRI YANGU NI MOJA: GEUKENI!"

"Adabu inakataza," Tembo akalia.

"Lakini ukuta wenyewe umesema!" Nyati akalia zaidi.

Wakageuka, wote kwa mara moja, vumbi tifu!

Wakaona nini? Pimbi mdogo juu ya jiwe, sharubu zinafuka moshi. Na Fisi na kibuyu chenye pembe moja, uyoga kidevuni.

"Nilikuwa... nilikuwa naosha kibuyu," akasema Fisi.

"Mama!" Kidawa akachomoka, akamrukia mama yake shingoni.

Fisi akatoka nduki! Nyati nyuma yake, wengine nyuma ya Nyati, ndi ndi ndi ndi, na kabla hawajajua wanakwenda wapi, wako nje. Nyati alimpata kwa pigo moja la kiunoni, na mwendo wa Fisi mpaka leo mnaujua.

Macho yao yalipotulia, Tembo akatazama chini. Kitu kikubwa, cheusi, chenye mkonga! Akapiga magoti. "Bwana Ukuta ametufuata! Leteni uyoga upesi!"

Kidawa akakimbia akasimama juu ya kile kivuli, akakikanyaga, ti ti ti.

"Babu Tembo, inua mkonga."

Akainua. Kivuli kikainua.

"Ushushe."

Akaushusha. Kivuli nacho kikashusha. Tembo akauinua tena, nacho kikainua tena. "Kumbe ni mimi?"

"Ni wewe, Babu. Na huyu naye anataka kunila?"

Tembo akaona aibu, aibu kubwa kuliko mwili wake. "Hapana, mjukuu wangu. Huyu hawezi kumla mtu."

Hadithi yangu imetoka pangoni, nami naiacha hapo juani: ukiamriwa kutazama mbele tu, wanangu, geuka kwanza umwone anayekoka moto.